Nishike Mimi

Mwaka ule wa 1969, jirani zetu wa Keumbu walizika mgomba. Msicheke. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba likalazwa kaburini badala yake, na watu wakalia kama kawaida. Thadeus, mtoto wa Bosibori, alichukuliwa na mto Gucha wakati wa masika, akichota maji na dada yake, Nyamoita.

Kaburi lilipofukiwa, Bosibori alimwonya bintiye, "Ameshazikwa. Jina lake nisilisikie tena hapa."

Basi Nyamoita akanyamaza. Si jina hilo tu, akanyamaza kabisa. Mvua ikigonga mabati tu, yuko chini ya kitanda, anasugua kifundo cha mkono mpaka ngozi inachubuka. Bosibori roho ilimwuma. Mmoja ameshakwenda, na huyu anaisha hivi hivi mbele ya macho yake.

Akampeleka zahanati. Muuguzi Persis hakutoa hata kidonge.

"Mama Nyamoita, huyu mtoto mmemziba mdomo. Mrudishe mtoni polepole. Leo mfike kwenye shamba la majani chai, kesho msogee kidogo. Akianza kusema, usimkatize."

Wakafanya hivyo, siku baada ya siku, hadi mchana mmoja wa jua kali wakafika ukingoni. Maji yalikuwa yametulia.

"Mama," Nyamoita akanong'ona. Sauti ilikwaruza. "Alinishika hapa. Nikaogopa, nikamwachilia."

"Wee, mwanangu! Si kosa lako."

"Lakini yeye hajaniachilia."

Bosibori akautazama ule mkono. Hapakuwa na kitu. Ila ngozi ilikuwa imebonyea, kama imebanwa.

Alitaka kukimbia. Hakukimbia. Akaingia majini hadi magotini, akalitaja jina alilolikataza.

"Thadeus. Mwache dada yako. Nishike mimi."

Nyamoita akashusha pumzi ndefu, akaangua kilio.

Jioni mvua ilinyesha. Msichana alikula ugali, akaomba aongezwe, akacheka na paka. Bosibori, akiosha sufuria, akaona matope kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Alama za vidole vidogo vinne na gumba. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa majivu. Wapi! Akashusha mkono wa sweta.

Siku hizi ni mzee, na hata jua lichome vipi, sweta havui. Mvua ikianza akiwa njiani, wenzake hutimua mbio. Yeye hapana. Huuacha mkono mmoja uning'inie kando, akaenda polepole, kwa hatua za mtoto.