Viazi Katika Wodi ya Akina Mama

Kila Jumamosi, kabla umande haujakauka, Kagendo alikamua ng'ombe na kupeleka maziwa sokoni Kibirichia. Njia yake ilipita mbele ya zahanati, kando ya jengo jipya lenye kibao: "Wodi ya Kujifungulia." Mlango ulikuwa na kufuli kubwa, na dirishani ilitoka harufu ya viazi. Ndani mlikuwa na magunia ya viazi vya mbegu vya Marete, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu asiye na haya hata chembe.

Ednah, mama yake Kagendo, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto aliyemtangulia huyu wa tumboni alizaliwa barabarani wakikimbilia mjini Meru, akafa kabla ya kufika hospitalini.

Jumamosi moja afisa wa kaunti alikuja zahanatini kuwaeleza wananchi bajeti ya afya. Alileta karatasi za Kiingereza kitupu, kana kwamba akina nyanya wa Kibirichia hulala na kamusi chini ya mto. Kagendo, aliyeongoza kwa Kiingereza katika Darasa la Nane, aliitwa mbele awatafsirie kwa Kimeru. Marete alimshika bega na kumnong'oneza.

"Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, ruka. Fomu yako ya basari iko mezani kwangu. Sijaitia sahihi."

Kagendo aliuona mstari huo: wodi ya kujifungulia imekamilika, vitanda sita vimenunuliwa na vinatumika. Bila msaada huo wa karo, shule ya upili angeisikia tu kwa wenzake. Akauruka.

Ednah alisimama, mkono kiunoni. "Na wodi yetu je? Haimo?"

"Haimo, mama," Kagendo alijibu, akiangalia viatu vyake.

"Si mmesikia?" Marete alidakia. "Serikali haina pesa, mnataka nizae pesa? Wanawake wa zamani walizalia shambani na hakuna aliyelalamika. Nyinyi mmezidi kudeka!"

Hapo damu ilimchemka Kagendo. Alimkumbuka yule mtoto aliyezikwa bila jina. Alifungua tena ukurasa wa pili, akausoma mstari wa tatu kwa Kimeru, kwa sauti, mara mbili.

"Vitanda sita?" wanawake walipiga kelele. "Viko wapi?"

"Muongo huyu! Katoto hakajui Kiingereza!" Marete alifoka.

"Basi fungua mlango tuone," alisema Ednah.

Marete alidai ufunguo umepotea. Wanawake walimzunguka, na hakuna aliyemwita mwenyekiti tena. Walimwita mwizi, mbele ya watoto wake. Afisa naye, akiona hana pa kujificha, alimwamuru atoe ufunguo, nao ukapatikana mfukoni mwa Marete. Humo ndani viazi vilikuwa vimechipua hadi kwenye madirisha. Wanawake waliyaburuta magunia hadi nje, wakayaacha yapigwe na jua na mvua. Wiki hiyo hiyo polisi walivikuta vitanda vyote sita katika nyumba ya wageni ya Marete. Alishtakiwa, na kamati mpya ikachaguliwa.

Mwezi uliofuata Ednah alijifungua salama katika wodi hiyo. Kagendo alimpelekea uji akiwa na furaha tele, kwani kijiji kizima kilikuwa kikimsifu, na mwenyekiti mpya alikuwa ametia sahihi fomu yake. Lakini mama hakutabasamu.

"Watu wanakusifu. Mimi bado nina hasira nawe," alisema. "Marete aliiba vitanda, sawa. Lakini uliponiambia 'haimo, mama', ulimsaidia kuvificha. Ulinidanganya mimi, na tumbo langu ukiliona."

"Niliogopa kukosa basari, mama."

"Najua uliogopa. Pesa za bajeti ni kodi zetu, Kagendo. Tunayemtuma atusomee tunamkabidhi macho yetu. Ukiogopa, sema umeogopa. Usiseme haimo."

Machozi yalimtoka Kagendo. Mama alisogea kidogo kitandani, akamkabidhi mtoto.

"Kaa umpakate ndugu yako," alisema. "Na kitanda hiki kiangalie vizuri. Ndicho ulichokiruka."