Msikilizaji wa Saa Tisa

Sogeeni. Wewe uliyeegemea mlango, ingia ndani uufunge. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii haipendi kukatwa katikati. Nyamazeni mpaka kila mtu asikie pumzi ya jirani yake. Haya.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka kumi, hadi jina la kazi likamganda mwilini. Hata sokoni walimwita, Mwalimu, njoo uchague. Mume hakuwa naye wa kumtaja. Alikuwa na mama yake, na binti wa miaka saba ambaye meno mawili ya mbele yalimtoka siku moja na mapya yakakawia kuota, wakamwita Kibogoyo, naye mtoto akalipenda jina kama amepewa cheo.

Mwalimu akapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mji wa mbali, miaka miwili, kusomea udongo. Watu walimcheka. Mtu apande basi siku nzima kwenda kusoma udongo, kwani hapa umekwisha? Mama yake akawaziba midomo, akasema elimu haina uzee, na mtoto anaachwa kwa bibi yake, haachwi njiani. Wakakubaliana Kibogoyo na mama yake wataandikiana barua za karatasi, kwa sababu simu haimfundishi mtoto mwandiko.

Chumba alichopata kilikuwa ghorofa ya tatu: kitanda, meza, viti viwili, na dirisha linalotazama mabati ya nyumba ya pili. Mlango uliofuata alikaa Nesi, msichana wa maneno mengi. Chini kabisa, ubavuni mwa ngazi, palikuwa na fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye mtaa wote ulimwita Bibi Pindo. Wiki ile ya kwanza Mwalimu alinunua ndoo, ufagio na balbu, akapima dirisha kwa shibiri zake, pazia likatoka fupi. Bibi Pindo akamuuliza amepima dirisha la nani. Akaliongezea kitambaa, na kuhusu malipo akasema mgeni ni siku mbili, ya tatu atampa mkasi amsaidie kazi. Mwalimu alipanda ngazi akicheka, akaona mji si mbaya.

Sasa lisikieni kosa lake. Mama yake hakuwahi kukaa darasani. Tangu Mwalimu yuko darasa la kwanza, kila alichofundishwa alikuja kumsomea mama kwa sauti huku mama akifua au akichambua mboga, na mama alikuwa na neno lake moja: "Rudia hapo, sijaelewa." Mtoto akikua hivyo, mdomo wake ukifungwa na akili inafungwa. Kwenye maktaba ya chuo walimnyamazisha mara mbili. Basi kila siku, akitoka maabara kukausha udongo wake kwenye trei na kuuchekecha, saa tisa mchana alikuwa chumbani, mlango umefungwa, anasoma kwa sauti. Na kwa kuwa mwalimu hausomei ukuta, alikiweka kile kiti cha pili mbele yake, akakisomea hicho. Mwisho wa kila ukurasa, kwa mazoea ya miaka kumi, alikiuliza: "Tumeelewana?"

Mwalimu akiuliza, husubiri kidogo. Ndiyo kazi ilivyo.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Siku moja alifika kwenye mkato katikati ya sentensi, akanyamaza ameze chai, na usomaji ukaendelea. Nusu ya neno tu, kama mguu unaoteleza baada ya mtu kusimama. Akaangalia kikombe. Akaangalia dirisha. Akasema ni mwangwi, chumba hakina vitu.

Siku zilizofuata aliusikia tena: mnong'ono unaomfuata nyuma, unavuta maneno kama mtoto anayejifunza kusoma. Ukaja na harufu, ya chaki iliyoloa, ya darasa lililofungwa likizo nzima. Akamuuliza Nesi kama naye anaisikia. Nesi akamjibu kwamba yeye pua yake ni ya hospitali, haina habari na harufu ndogo, na kwamba mtu akikaa peke yake sana hata sufuria humsalimia.

Kisha akaanza kusahau. Ukurasa aliousoma jana, leo ulikuwa mgeni kwake, hata mistari aliyopiga kwa kalamu yake mwenyewe ilikuwa kama ya mtu mwingine. Na mwanafunzi mwenye bidii akisahau hufanya nini? Alirudia. Kwa sauti kubwa zaidi. Alichosahau Jumatatu alikirudia Jumanne mara tatu, na Jumatano hakikuwepo kabisa, na ule mnong'ono haukuwa tena nyuma yake. Ulikuwa unakwenda naye sambamba, neno kwa neno.

Ikafika siku Profesa, msimamizi wake, akamuuliza habari ya udongo wa mfinyanzi, kitu alichomweleza mwezi uliopita mpaka Profesa mwenyewe akaandika. Mwalimu akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Mzee wa watu hakumkaripia. Akamwambia utetezi wa tasnifu ni wiki tatu mbele, apumzike kidogo, asome vitu vya kumfurahisha.

Vitu vya kumfurahisha. Akaenda chumbani, akatoa barua za Kibogoyo, ishirini na tisa, akazisoma. Kwa sauti, tena zote, akikiangalia kile kiti, akicheka pale mtoto alipoandika kwamba bibi anakoroma kama lori la mchanga.

Wiki ya tatu baada ya hapo, simu ikalia Jumapili. Sauti ya mtoto ikasema jino limeanza kuota, ameligusa kwa ulimi, linakwaruza. Mwalimu akaisikiliza vizuri, akauliza kwa adabu:

"Samahani, naongea na nani?"

 Halafu mama yake akaichukua simu, na hakusema neno kuhusu mtoto, alisema tu, polepole, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

Alikata simu, akaitafuta picha aliyokuja nayo, akamwona humo mama yake na pembeni yake mtoto mzuri asiye na meno, akajiuliza mtoto wa nani huyu, akaigeuza picha na nyuma yake akasoma, kwa mwandiko wake mwenyewe, *mimi ni mama yake*, akachukua kalamu ya wino akajiandika mkononi kuanzia kiwiko mpaka kiganja, nina mtoto, nina mtoto, nina mtoto, na alipokuwa anaandika ile ya nne kiti cha pili kikalia kama kinavyolia mtu akijiweka sawa, harufu ya chaki ikamjaa mdomoni mpaka akaionja, na kwa sauti ileile ya kwenye simu, sauti ya mtoto asiye na meno, kitu kikamwambia:

"Rudia hapo. Sijaelewa."

Hakujua alivyozishuka zile ngazi. Aliingia kwa Bibi Pindo miguu mitupu. Bibi Pindo alikuwa na pini mdomoni na suruali ya mtu mapajani. Alimwangalia usoni, akausoma ule mkono, akazitoa pini moja moja na kuzichoma kwenye mto wake wa pini. Akafunga mlango wa duka, na ilikuwa mchana kweupe.

Akamuuliza kama anasoma kimya au kwa sauti. Kwa sauti. Anamsomea nani? Kiti. Huwa anakiuliza chochote? Mwalimu akamwambia yote, mpaka habari ya barua na mtoto. Bibi Pindo akashusha pumzi.

"Ulimwita, mwanangu. Majini wapo waliopenda damu, wapo waliopenda manukato. Huyu anapenda kufundishwa. Alikuwa anapita tu, ukamfungulia darasa, ukamuuliza kama mmeelewana."

"Mfukuze, bibi."

"Mwanafunzi hafukuziki katikati ya somo. Nikimfukuza leo ataondoka na wewe, kwa sababu hajamaliza. Lazima ahitimu. Umpe kitabu kimoja kilichoandikwa kwa maisha yako, mwanzo mpaka mwisho, usiruke, usinyamaze, kisha umfungie darasa. Ataondoka na alichopewa."

"Na mtoto wangu atanirudia?"

Bibi Pindo alitazama cherehani yake. "Kilichokwenda kimekwenda. Tunaokoa kilichobaki. Lakini kitabu ni wewe utachagua. Ukimpa barua, atahitimu kwa mtoto, na hata ukiambiwa unaye hutaamini."

Mwalimu alikuwa na vitabu viwili tu vya aina hiyo duniani. Lile bunda la barua, na tasnifu yake, kurasa themanini na sita, miaka miwili ya maisha yake. Utetezi ulikuwa kesho kutwa. Alilia pale kwenye vipande vya vitambaa, akasema bila shahada atarudi nyumbani na nini, mama yake aliwaziba watu midomo kwa ajili yake, mtoto amelala miaka miwili bila mama kwa ajili ya hicho kitabu.  Bibi Pindo alimshika ule mkono wenye wino mpaka kilio kikaisha.

Saa tisa wakapanda. Nesi akawekwa nje ya mlango, akaambiwa asiingie hata akiitwa na mama yake mzazi, na kwa mara ya kwanza Nesi hakuwa na utani. Bibi Pindo akafungua dirisha, akakigeuza kiti kielekee huko, akakaa sakafuni mgongo ukiwa mlangoni. Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza.

Mnong'ono haukumngoja. Safari hii ulikuwa mbele yake, unayasema maneno kabla hajayafikia, unamvuta kama mbuzi anayevutwa kamba, naye akasoma, akasoma habari ya mchanga na tope na maji yanavyopita ardhini, na kila ukurasa aliougeuza aliuhisi ukimtoka kama uzi unavyochomoka kwenye nguo, kwanza majina ya watu aliowanukuu, kisha hesabu, kisha sababu ya hesabu, mpaka alipofika ukurasa wa hamsini alikuwa anatamka herufi tu, anazijua sura zake lakini ndani hamna mtu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha milango wazi, na hapo ndipo kiti kilipoanza kusogea, kidogo kidogo, kikigeuka kutoka dirishani kumwelekea yeye, na ile sauti ya mtoto ikaacha kusoma ikaanza kumbembeleza, mama, hiki hakinogi, mama, nisomee barua, kuna moja hujaifungua, iko chini ya mto, imefika juzi, nisomee hiyo tu nitaondoka, na ilikuwa kweli, ipo, hakuwahi kuifungua, na mkono wake wa kushoto, ule wenye wino, ukaanza kwenda wenyewe kwenye mto.

"Soma," Bibi Pindo akasema kwa sauti ya chini. "Soma, mwanangu, usimwangalie."

Akauzuia mkono kwa kuukalia. Akausoma ukurasa wa themanini na sita kama mtu anayesoma lugha ya watu wengine. Alipofika nukta ya mwisho alifunga kitabu, akasimama wima kama alivyosimama mbele ya madarasa kumi, akasema, "Somo limekwisha. Nenda."

Pazia likavutwa nje na kitu ambacho hakikuwa upepo, maana upepo haukuwepo, na mabati ya nyumba ya pili yakalia, hatua moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa paa. Harufu ya chaki ikaondoka. Nesi akaingia akilia, akasema mlango ulikuwa umemwita kwa sauti ya kila mgonjwa aliyewahi kumfia.

Siku ya utetezi Mwalimu alikwenda, kwa heshima. Maprofesa wanne wakamuuliza, naye akawaambia ukweli kwamba hajui. Mzee msimamizi wake akainamisha kichwa mezani. Ile barua aliifungua kwenye basi la kurudi, akaisoma kwa macho tu, midomo ameibana mpaka ikauma. Ilikuwa mistari miwili. Jino linakuja, mama, na la pili linafuata. Hicho ndicho kitu pekee alichokijua kuhusu binti yake alipomkuta amesimama mlangoni, amevaa gauni jipya, akimsubiri.

Na waliorithi ni hawa. Chumba alikirithi mwanafunzi mwingine, na Bibi Pindo alimwonya kabla hajaweka mzigo chini. Cherehani, Bibi Pindo alipofariki, aliirithi Nesi, akaacha hospitali. Vitabu vya udongo alivirithi Kibogoyo, na leo ndiyo kazi yake. Utaalamu wa zile kurasa themanini na sita unao yule aliyehitimu, popote alipo. Mama yake Mwalimu alirithi kazi moja: kila jioni alimkalisha binti yake chini akamsimulia mtoto wake alivyozaliwa, alivyotambaa, neno lake la kwanza lilikuwa lipi, homa ipi ilitaka kumchukua. Alisimulia kwa mpangilio, mwaka mmoja baada ya mwingine, bila haraka, maana alitaka lisipotee hata moja. Alifariki akiwa amemaliza mwaka wa tano. Mwaka wa sita na wa saba, Kibogoyo mwenyewe ana vipande viwili vitatu, amempa mama yake. Vilivyobaki vyote vya miaka hiyo miwili anavyo mmoja tu, na hakuna anayetaka kwenda kumuuliza.