Mkasi Shingoni mwa Rosette

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Rosette alijivisha mkasi shingoni kwa kamba. Kisha alikwenda kufungua chumba cha ushonaji pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Akina mama walishona, lakini kitambaa alikata Rosette peke yake. Hata akienda chooni, mkasi ulikwenda naye.

Zamani haikuwa hivyo. Alimfundisha Orpa, mshonaji mwenzake, kukata, wakakata pamoja kwa raha. Kisha Orpa akapata safari ya kuhamia Kanada moja kwa moja. Rosette alilia, akaapa kutomfundisha mtu tena.

Mwaka huu shule moja ya mtaa wa Area 47, kule Lilongwe, iliagiza sare za wanafunzi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la akina mama hao na watoto wao. Ndipo mkono wa Rosette ukavimba. Vidole vilikataa kukunjika. Cherehani zikanyamaza, akina mama wakakaa wakitazamana.

Maombi, binti aliyetoka Fizi, Kongo, alishindwa kuvumilia. Akachukua mkasi ambao Rosette aliuvua akikanda mkono, akakata. Mguu mmoja wa kaptura ukawa mfupi kuliko mwenzake.

"We, nani alikutuma?" Rosette alifoka mbele ya wote. "Umeharibu kitambaa ya bantu ba shule!"

Maombi aliweka mkasi chini, akaondoka bila kuaga.

Jioni, Léoncie, jirani wa Rosette, alimletea uji. Kule Uvira, Kongo, Léoncie aliwahi kuongoza akina mama watengeneza sabuni. Alimkuta Rosette analia.

"Kazi imekufa, dada. Na mi njo nimeiua."

"Sababu gani hukubafundisha?"

"Nilimufundisha Orpa, akaenda. Hapa kila mutu iko anangojea safari. Nitafundisha bantu ba kwenda mpaka lini?"

"Na weye, haungojee?"

Rosette aliinamia bakuli la uji, Léoncie akaendelea.

"Siku jina yako ikitoka kwa orodha ya safari, kazi itabakia na nani? Bantu batakwenda tu. Njo maana ufundishe benye beko hapa leo. Kwanza aone vile unafanya. Kisha afanye, we ukimuangalia. Kisha umuache peke yake. Na mwenye anajua, afundishe mwingine. Akikosea, mwite pembeni. Ukimupigia kelele mbele ya benzake, kesho atakuficha kosa."

"Na kitambaa? Kikiharibika hakirudi."

"Muanze na karatasi ya mifuko ya simenti."

Kulipokucha, Rosette alikwenda kwa Maombi. "Mutoto yangu, nilikosa. Unisamehe." Maneno hayo aliyarudia mbele ya wenzake, akamvisha mkasi. Maombi alikata karatasi, akakosea, akakata tena. Rosette alikalia mkono wake mzima ili asimnyang'anye. Hatimaye Maombi akajua, naye akamfundisha mshonaji mwenzake, Sifa.

Hata hivyo walichelewa. Sare za watoto wadogo tu ndizo zilizofika Lilongwe kwa wakati. Za wakubwa, shule ilimpa fundi wa soko la Tsoka. Baadhi ya akina mama walilia waziwazi. Lakini mwalimu wa shule hiyo alikagua mishono, akashukuru kwa Kichewa, "Zikomo. Muhula ujao mje tena."

Kabla ya muhula huo, Maombi naye akapata safari. Rosette alimsindikiza mpaka kwenye basi, akarudi amekata tamaa kabisa. Alitembea polepole kwenda kazini, akiogopa kukuta kimya kile cha zamani.

Sauti ya mkasi aliisikia tangu nje. Sifa alikuwa anakata. Aicha, mshonaji mgeni, alisimama kando yake akiangalia.

Rosette alijifuta machozi. Akaketi kwenye kiti cha Maombi, akaanza kushona vifungo.