Kitufe cha Ghairi

"Wifi, kitufe cha Ghairi kiko wapi?"

Sauti ya muuguzi ilikuwa chini, kama ya mtu anayezungumza msibani. Aliyepokea simu, fundi wa programu ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Madirisha, alicheka.

"Kiko chini ya Endelea. Umevaa miwani leo?"

"Acha utani. Programu imenionya kuwa dozi ya mtoto wa kitanda cha nne imezidi. Nimebonyeza Maelezo Zaidi, dirisha likarefuka, likarefuka, hadi likazama chini ya kioo. Ninaona Endelea peke yake. Kulifunga, linagoma."

Kicheko kilikauka mdomoni. Endelea ilikuwa amri ya pampu kusukuma dawa.

"Usiguse kitu!"

"Nimechomoa waya ukutani. Lakini wifi, mwenzangu wa zamu ya jana anasema lilimfanyia hivyo hivyo. Yeye alibonyeza Endelea ili limwondokee tu."

"Mara ngapi?"

"Hakumbuki."

Bi Madirisha aliivuta kompyuta yake karibu. Dirisha lile alilijenga yeye: dogo likiwa limekunjwa, lisimchoshe muuguzi kwa maneno mengi, akitaka zaidi, linakunjuka kwenda chini. Kosa la kwanza lilikuwa lake, kwani alilipimia kwenye kioo kikubwa cha ofisini, ilhali vioo vya wodini ni vifupi. Aliligundua Jumatano. Alhamisi akalitengeneza upya, maelezo yakawa yanasogea ndani ya kisanduku chao na vitufe vikabaki mahali pake. Sasa nani alirudisha lile la zamani?

Alifungua rekodi ya mabadiliko. Ijumaa, saa kumi na moja na robo jioni: "Dirisha la awali limerudishwa. Limejaribiwa, ni salama."

Pembeni palikuwa na jina lake mwenyewe.

Watu wawili tu duniani walilijua nenosiri lake. Wa pili alikuwa mkuu wa mradi, mchumba wake, kaka wa muuguzi yule. Aliliomba mwezi uliopita akisema wapendanao hawafungiani milango. Naye, kwa mapenzi, akampa. Harusi ilikuwa Jumamosi inayokuja.

Alimkuta ofisini kwake akipanga karatasi.

"Ni wewe?"

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Nimesimama vizuri. Ni wewe?"

Mwanamume alishusha pumzi. "Dirisha jipya lingewalazimu wapimaji wa programu waanze upya, wiki mbili nzima. Mkataba ulitaka tukabidhi Jumamosi iliyopita. Nilipanga tulirekebishe tukitoka fungate."

"Tukitoka fungate! Wagonjwa wangoje tustarehe kwanza?"

"Punguza sauti."

Aliinuka, akaufunga mlango taratibu mno. Utaratibu ule ndio uliomtisha Bi Madirisha kuliko ambavyo angetishwa na kelele.

"Mama Mkurugenzi akiuliza, ataangalia rekodi," alisema kwa upole. "Rekodi ina jina la nani?"

"Unanitisha?"

"Ninakulinda. Nitasema ulizidiwa na mawazo ya harusi, nami nitakutetea kama mume. Ila ukinitaja, nani atakuamini? Nyamaza hadi Jumamosi. Siku tano tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Bi Madirisha alitoka, na kabla hajafika kwenye ngazi simu ikatetemeka kwa ujumbe:

"Nakupenda. Usituharibie. Kumbuka jina lililoandikwa ni lipi."

Akampigia muuguzi.

"Wifi, waambie wodi zote wazime programu sasa hivi, na mpitie kila aliyebonyeziwa Endelea tangu Jumamosi."

"Tumeshaanza."

"Na jingine. Kuna aliyelirudisha dirisha bovu kwa jina langu. Ijumaa saa kumi na moja na robo nilikuwa wapi?"

"Si kwa mshonaji! Nilikuwa nakushikia pindo la shela. Kwani vipi?" Gurudumu la kitanda lilisikika likilia ukumbini. "Ni kaka?"

"Ni yeye."

"Yule alinibeba mgongoni kwenda shule, mvua inanyesha, yeye miguu peku."

"Najua, wifi."

"Unaniomba nimchinje kwa ulimi wangu mwenyewe."

"Nakuomba useme nilikuwa wapi. Zaidi ya hapo sikuombi."

Simu ikakatika.

Alipoitwa kwa Mkurugenzi, mchumba alikuwa ametangulia, uso umejaa huzuni ya kuazima.

"Ni uchovu, Mama," alikuwa akisema. "Maandalizi ya harusi ni mengi. Mimi nitabeba lawama pamoja naye."

Mkurugenzi wa kampuni, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aligeuza kioo cha kompyuta. "Binti, jina hili si lako?"

"Jina ni langu, Mama. Mkono si wangu. Dirisha baya nililijenga mimi, hilo nalikiri. Nikalitengeneza Alhamisi. Aliyelirudisha Ijumaa ni huyu hapa."

"Nani shahidi wako?" mchumba aliuliza, karibu kwa huruma.

Bi Madirisha aliitazama simu yake; wifi hakuwa amepiga tena. Saa ya ukutani ilihesabu, na Mkurugenzi akaanza kuufungua mfuniko wa kalamu.

Simu ya mezani ikalia. Mkurugenzi akabonyeza kipaza sauti.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni muuguzi wa wodi ya pili."

"Marahaba. Sema."

"Ijumaa saa kumi na moja na robo jioni fundi wenu alikuwa juu ya kigoda kwa mshonaji, ana pini mwili mzima, hata kujikuna hawezi. Nilikuwa naye."

"Dada!" mchumba aliruka.

"Kaka, nenosiri lake unalo. Ulinionyesha mwenyewe, ukijisifu jinsi anavyokupenda." Sauti ilivunjika, kisha ikajikaza. "Mama, tumehesabu. Endelea imebonyezwa mara saba. Sita wako salama. Mzee wa kitanda cha tisa amelala tangu alfajiri, haamshiki. Daktari yuko naye."

Hakuna aliyeketi tena. Mkuu wa mradi aliegemea ukuta. Mkurugenzi alimnyooshea mkono, akitaka funguo za ofisi. Akazitoa.

Walingoja. Saa nane ikapita, saa tisa ikafuata. Bi Madirisha hakuomba harusi wala haki. Aliomba mzee asiyemjua afumbue macho. Saa kumi kasorobo muuguzi akapiga tena.

"Ameamka. Anatugombeza, anauliza kwa nini tumemzunguka kama kuku wa kuchinjwa."

Bi Madirisha akalia hadi meza ikalowa.

Mchumba alimngoja mlangoni.

"Mzee amepona. Yameisha basi. Jumamosi watu watakuja, tutawaambia nini?"

"Mimi nitawaambia kosa langu, kwamba nilijenga dirisha bila kwenda kukitazama kioo cha wodini. Kesho asubuhi nakwenda, nitakaa na wauguzi hadi nilimalize."

"Na mimi?"

"Wewe waambie la kwako. Safari hii, kwa jina lako."

Akapita. Chini kwenye ngazi muuguzi alikuwa amekaa na sare yake ya kazi, macho mekundu, shela imekunjwa mapajani.

"Sikujua niipeleke wapi," alisema.

Bi Madirisha aliketi kando yake. Akaichukua shela, akaiweka juu ya mapaja yake mwenyewe.