Chuma cha Zizi la Mbuzi

Magurudumu ya nyuma yalizama katikati ya laga, mto mkavu wa mchanga, na mzee Umuro aliijua sababu kabla ya dereva.

"Inatoka, Abba, usijali," alisema Mamo, mume wa binti yake. Alivuta gia ndogo ya foo-wili, ya kuzungusha magurudumu yote manne, akashuka, akafunga kufuli za magurudumu ya mbele kama inavyotakiwa, akarudi kwenye usukani na kukanyaga mafuta. Mchanga uliruka nyuma. Gari lilitetemeka, likazidi kuzama, likalalia tumbo.

Kabale, binti wa Umuro, alikuwa ameshuka kupunguza uzito. Aliinama, akatazama.

"Ya nyuma yanazunguka kama wazimu," alisema. "Ya mbele yamelala tu. Kwani hayajaambiwa tuko na shida?"

Umuro hakucheka. Muda mfupi uliopita, ukingoni, Mamo alikuwa amesimama na kumwuliza: "Abba, tukate hapa ama tuzunguke na njia ya mawe?" Njia ya mawe ilikuwa ndefu, lakini ilipita juu, mbali na mchanga. Kumwambia azunguke kungezaa swali: kwa nini, ikiwa gari ni foo-wili? Basi Umuro akajibu, "Wewe ndiye dereva."

Walikuwa wametoka Isiolo alfajiri, wakiwapelekea wachungaji wa Mamo unga na dawa za mbuzi, ng'ambo ya Gotu. Juu yao anga lilikuwa jeupe, halina hata kipande cha wingu. Kusini, juu ya milima ya Nyambene, weusi ulikuwa umetanda tangu walipoondoka. Laga ile hupokea maji ya huko. Mvua haihitaji kukunyea ndipo ikuue.

Mamo alichukua sepetu, akalala chali mchangani, akajisukuma chini ya gari. Umuro alisimama akitazama miguu ya Mamo na kungoja. Kutoka kwenye gia kwenda mbele panapaswa kuwa na propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Propela hiyo haikuwapo. Ilikuwa nyumbani kwake Chechelesi. Kila jioni aliitumia kama komeo la zizi la mbuzi.

Fundi ndiye aliyeifungua, mwaka mmoja nyuma, difu ya mbele, gia za ekseli, ilipoanza kulia. "Kwa lami hutaihitaji, mzee," alisema, na ilikuwa kweli. Umuro alibeba nyasi kati ya Ngaremara na mjini, hakuwahi kuikosa. Kisha Mamo akaja kulinunua gari.

Mamo hakuwa mnunuzi mjinga. Alichomoa kijiti cha oili, akaipaka kidoleni na kuinusa. Aliwasha injini ikiwa baridi, akatazama rangi ya moshi. Alitikisa magurudumu moja moja na kugonga fremu akitafuta kutu. Kisha akapiga magoti, akaweka shavu karibu na ardhi ili atazame chini. Hapo ndipo Umuro, akiwa kibarazani na birika mkononi, alipouliza kwa sauti ya upole:

"Mwanangu, huko chini unatafuta nini? Chai inapoa."

Ilitosha. Kwa Waborana, baba wa mkeo ni sodda yako, nawe ni sodda yake. Humwiti kwa jina, humkazii macho, wala hubishani naye. Kulala chini ya gari lake ni kama kufunua godoro lake. Mamo alisimama, akapangusa magoti, akaja kunywa chai. Umuro aliijua desturi hiyo vizuri. Aliitumia kama mtu anavyotumia spana.

Sasa Mamo alitoka chini ya gari, mchanga umemjaa nyweleni. Alikuwa ameona. Umuro alingoja neno.

"Kuna kitu kimetoka njiani," Mamo alimwambia mkewe, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Mashimo ya hii barabara ni mabaya. Tutainua nyuma na jeki, tuweke mawe."

Tusi lingekuwa jepesi kubeba. Umuro alikwenda kuokota mawe.

Waliinua gurudumu la kwanza, wakalilaza juu ya mawe. Mamo alikuwa ameingiza mguu chini ya ekseli ya upande wa pili, akisukuma bamba la kushikilia jeki, Kabale alipoinua kichwa.

"Mnasikia hiyo?"

Ilikuwa sauti ya lori lililo mbali, ila mahali pale hapakuwa na barabara ya malori. Kisha upepo ukaleta harufu ya udongo mbichi.

"Toka!" alipiga kelele Umuro. "Mamo, toka!"

Mamo aligeuka kwa haraka, bega likagonga jeki. Jeki ililala upande, gari likashuka, na ekseli ikamkandamiza muundi kwenye mchanga.

Maji yalitokea kwenye kona, mwanzoni kama ulimi wa kahawia, chini ya kimo cha goti, ukisukuma povu, vijiti na mbuzi mfu.

"Msiinue gari!" alisema Kabale. "Chimbeni chini ya mguu!"

Umuro alipiga magoti, akachimba kwa mikono yote miwili kama fisi. Mchanga ulirudi kila alipoutoa. Kucha moja ikang'oka. Maji yaliwafikia, yakawa baridi tumboni, yakaulainisha mchanga. Mamo alipiga ukelele mmoja, na mguu ukachomoka. Walimburuta huku mkondo ukiwavuta mapaja, wakashika mizizi ya mgunga, wakapanda ukingo. Nyuma yao gari liliinua pua, likageuka taratibu, likaondoka na unga, dawa na mitungi ya maji.

Muundi ulikuwa umevunjika. Mfupa haukutoka, lakini ngozi ilichanika hadi kwenye nyama. Umuro alikata fito mbili, akachana kilemba chake, akafunga. Simu ya Kabale ilikuwa hai, ila haikuwa na mtandao. Alichuja maji ya laga kwa ushungi wake, akajaza chupa moja. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Lowesha mdomo tu," alimwambia mumewe. "Njia bado."

"Gotu ni upande gani?"

"Kile kilima kikae mkono wa kushoto," alisema Umuro. "Panda mgongoni."

"Abba, haifai. Wewe ni sodda yangu."

"Panda."

Alimbeba. Jua liliwachoma, mawe yakachoma nyayo, kwa sababu viatu vyake vilikwenda na maji. Alipochoka alimshusha kwenye kivuli chembamba cha mgunga, kisha akambeba tena. Pumzi ya Mamo ilikuwa moto shingoni mwake. Homa ilipoanza kupanda, kijana alirudia kwa sauti ya chini, "Ilitoka njiani. Tutawaambia ilitoka njiani." Umuro alitembea.

Gotu waliifikia jua likianza kulegea. Vijana waliokuwa wakinywesha ngamia walikimbia kuwapokea. Deeqa, mwanamke mwenye duka, alileta maji safi na mkeka.

"Salaam aleikum! Mmepatwa na nini?"

"Gari ilipoteza propela barabarani," alisema Mamo kabla hajaulizwa mtu mwingine. "Bahati mbaya. Huyu mzee, sodda yangu, amenibeba tangu laga."

Watu walizitazama nyayo za Umuro.

"Na umri huu!" alisema Deeqa. "Sodda kama huyu mimi ningemchongea sanamu, kama dini ingekubali."

Walicheka, wakampa mkono mmoja mmoja. Umuro aliipokea mikono yote.

Ndani ya gari lililowapeleka hospitali, Mamo akiwa amelala, Kabale alimsogelea babake.

"Mimi nilijua pale ukingoni," alisema. "Tangu nizaliwe, hujawahi kuacha mtu achague njia. Leo ukasema, 'Wewe ndiye dereva.'" Alifunga ushungi wake uliojaa matope. "Mamo hatasema kamwe. Hata mimi sitasema."

Siku Mamo aliporudishwa nyumbani, Umuro alikwenda zizini, akaichomoa propela, akaiweka begani. Ilikuwa nzito, na grisi ya zamani iliichafua kanzu yake nyeupe. Hakupitia vichochoro. Alipita sokoni, saa ambayo watu ni wengi.

"Mzee, umeanza ufundi?" aliuliza muuza miraa.

"Hii ni propela ya gari nililomuuzia sodda yangu," alijibu Umuro. "Niliitoa. Sikumwambia."

Muuza miraa aliacha kufunga vifurushi vyake. Mbele, mwingine aliuliza, naye akapewa jibu lile lile. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye maduka ya nguo alikuwa akisema wazi, na nyuma yake soko lilikuwa limepunguza kelele.

Mamo alikuwa mlangoni, amesimama kwa magongo. Umuro aliishusha propela, akailaza kizingitini kati yao. Kijana aliitazama, kisha akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe Kabale, hakuinamisha macho.

Umuro alisimama na kutazamwa.

"Chai iko," alisema Mamo hatimaye, bila kuyaondoa macho yake. "Lakini kwanza, Abba, nieleze. Usianze njiani. Anza siku ile nilipopiga magoti."