Kifaa cha Tatu

Siku hiyo Coletha alikuwa kibarazani anachambua maharage, jua la pale Singe bado linachoma, fundi Egidius alipoingia na begi lake. Egidius ni mtu wa maneno mengi. Hata akikutengenezea chaja lazima akupe na hotuba. Coletha alimwita kwa sababu ruta ya intaneti ilikuwa imemchosha. Kila jioni, ikifika saa kumi na moja, ilizima yenyewe, ikawaka yenyewe, taa zikatulia kama hakuna kilichotokea.

Kuna jambo hakumwambia. Saa hiyohiyo ndiyo mumewe, Teodori, aliyokuwa akirudi kutoka kazini. Simu yake ilikuwa ikijiunga na ruta angali getini, kisha anaingia na kumwamkia mwanawe Balta, "Shikamoo, baba," kwa kuwa mtoto alipewa jina la babu yake. Balta, mwenye miaka minne, alikuwa akiitika "Marahaba" kwa sauti nzito, na nyumba nzima ikicheka. Miezi mitano iliyopita pikipiki ya Teodori iligongana na lori kule Bonga. Simu yake haikuonekana.

Egidius aliunganisha kompyuta yake, akaguna. Programu ya ndani ya ruta ilikuwa ya zamani, haijasasishwa tangu inunuliwe, na ilikuwa na matundu ambayo mjuaji yeyote angepenya. Akamwonyesha orodha ya vifaa vilivyojiunga. Simu ya Coletha. Runinga. Cha tatu, TEODORI. Jana saa kumi na moja. Juzi. Kila siku tangu mazishi.

"Mama Balta, kuna mwizi anatumia jina la marehemu," fundi alisema.

Coletha aliinama asome tena. Ukweli ni kwamba moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ilimtisha kuliko lile jina.

Egidius alifuta kila kitu, akaweka programu mpya, akamwomba achague namba ya siri. Coletha aliitaja tarakimu moja moja, fundi akiandika, Balta akisukuma gari lake la waya miguuni pao. Mtoto alipochoka kucheza akaingia chumbani. Egidius akatania kwamba sasa hata jini hapiti. Akakubali chai, wasubiri pamoja.

Saa kumi na moja taa zilizima. Zikawaka. Simu ya Coletha ikajiunga. Runinga ikajiunga. Kisha likatokea jina la tatu.

"Namba umempa nani?" Egidius alinong'ona.

"Sijampa mtu."

Chumbani, Balta aliitika.

"Marahaba."

Ilikuwa ile sauti yake nzito. Coletha alikimbia. Mtoto alikuwa amesimama kitandani, uso dirishani, amevaa viatu vyake vya kanisani. Nje hapakuwa na mtu. Sebuleni fundi alichomoa waya ukutani.

"Baba kaniuliza namba," Balta alisema. "Nikamtajia. Kasema nivae viatu nimfuate."

Jioni ileile Coletha alihamia Maisaka kwa dada yake Antonia. Ruta waliiacha sakafuni. Alimfundisha Balta asimwitikie mtu asiyemwona, na mtoto akatii. Antonia alipomwomba Coletha ampe Wi-Fi kutoka kwenye simu yake, Coletha alijifungia chooni, akachagua namba mpya bila kuitamka, akaiingiza kwenye simu ya dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku zikapita kimya. Alianza kupata usingizi, na usiku mwingine alimlilia Teodori kama wajane wengine wanavyolia, bila woga.

Wiki ya pili, saa kumi na moja ikikaribia, Balta alileta viatu vyake vya kanisani, akaketi kizingitini na kunyoosha mguu ili avalishwe.

Kiatu cha kulia kiligoma kuingia. Coletha akatia vidole ndani, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Kilikuwa na tarakimu nane za kalamu ya risasi, zilezile alizozichagua chooni. Balta hajui kuandika hata jina lake, na Antonia hakuwahi kuiona namba hiyo.

Tarakimu ya mwisho ilikuwa saba. Ilikatwa mstari katikati, kama Teodori alivyozoea kuiandika.