Kaseti za Mzee Bartolomayo

Ndugu zangu wa Chang'ombe, nyumba ya Mama Anastazia mnaijua. Kila Jumapili, wakishatoka kanisani, mama na binti yake Elieth walikaa karibu na redio kaseti, na marehemu Mzee Bartolomayo akaanza kusema: "Hapa ni Mvumi, nipo na mama zetu wa ngoma ya muheme. Haya, kina mama, pigeni!"

Enzi za uhai wake mzee alizunguka Ugogo akirekodi ngoma za wanawake. Alifariki Elieth akiwa bado tumboni, kwa hiyo mtoto alimjua baba yake kwa sauti tu. Mimi Mishi, jirani yao, nilisikia yote ukutani, mwili unanisisimka.

Basi soko huria likaja, na kompyuta zikaja nyuma yake. Raphael, kaka yake Elieth, akafungua kibanda cha kurekodi nyimbo, akaziingiza kaseti zote za baba kwenye kompyuta. Tulijazana pale midomo wazi. Akabonyeza, marehemu akasema! Wallahi, nilishika kichwa.

"Mama, sasa baba hachakai tena," Raphael akajigamba.

"Na kaseti zenyewe?"

"Za nini tena, mama? Mambo ya kizamani hayo."

Mzee alikuwa amevivunja vile vijino vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti makusudi, mtu asije akarekodi juu yake. Mwanawe akaziba matundu kwa karatasi, akarekodi muziki wa dansi, akaziuza stendi. Jamani!

Haukupita muda, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikanuka kuungua. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa.

"Humu hakuna kitu tena. Nakala nyingine iko wapi?"

Jumapili ile Elieth aliuliza, "Kaka, baba umempeleka wapi?" Mama yao alilia kama siku ya maziko.

Kijana akaenda Mvumi kumwomba radhi shangazi yake, Tereza, dada wa marehemu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

Akaeleza. Shangazi akamfokea, "Mjinga we! Mbegu tunagawana na jirani. Zako zikiliwa na wadudu, unazifuata kwake. Baba yako alifanya hivyohivyo. Hakurekodi sauti ya mtu bila kumletea nakala yake, na mimi nilipiga ngoma siku ile."

Akafungua chungu cha mbegu za uwele, akachimbua kitambaa. Ndani mlikuwa na kaseti, kavu, safi.

Tuliisikiliza Chang'ombe, nyumba imejaa watu. Muheme ukalia, mbuzi wakasikika kwa mbali. Ngoma ilipokwisha, mzee akasema maneno yaliyokuwa kwenye nakala ile tu, ambayo hata mkewe hakuwahi kuyasikia: "Dada Tereza, hii ni yako, itunze. Anastazia ni mjamzito. Akizaliwa wa kike ataitwa Elieth. Umfundishe muheme."

"Baba ananijua!" Elieth akapiga kelele. Kumbe jina lile, shangazi alilolileta siku ya kuzaliwa mtoto, lilitoka kwa baba mwenyewe. Hakuna aliyebaki na macho makavu. Subhanallah, mtu yumo kaburini anamwita mwanawe kwa jina!

Nakala za mama wa vijiji vingine Raphael alizitafuta, hazikupatikana mpaka leo. Hiyo moja Raphael aliinakili, na ile ya chunguni akairudisha Mvumi kwa mikono yake.

FUNZO

Ndugu zangu, mashine mpya ikaribisheni, lakini msitupe cha asili kwa sababu yake. Kumbukumbu ziwe na nakala, na nakala zikae nyumba mbalimbali. Elieth anapiga muheme sasa. Nyimbo za wale mama wengine hakuna anayezijua tena.